Nyumba ya kuhamishika au trela la safari? Dhana potofu za wanaotafuta makazi nafuu Marekani

"Nyumba ya kuhamishika, ukichoka na mtaa unaondoka nayo."
Jina ndilo linalodanganya. Hutoka kiwandani juu ya fremu ya chuma, ikavutwa hadi kiwanjani, ikapandishwa juu ya nguzo za matofali na kufungwa kwa nanga ardhini. Kuing'oa tena kunataka kibali, msafirishaji mwenye leseni na dola elfu kadhaa. Kwa hiyo anayekodi kiwanja hana pa kukimbilia kodi ikipanda: soma mkataba wa kiwanja kabla ya kuuliza bei ya nyumba.

"Zote ni mabati matupu."
Tangu 15 Juni 1976 nyumba hizi hujengwa kwa kanuni za Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji. Tafuta kibati chekundu cha kuthibitisha hilo nje, kwenye kila kipande cha nyumba. Trela la safari, lile la magurudumu linalovutwa na gari kwenda matembezini, halimo katika kanuni hizo.

"Trela ni nyumba ndogo tu, unaunganisha bomba na umeme unaishi."
Hapa ndipo wengi hujuta. Laini ya ampea 30 kwa volti 120 ni wati 3,600; washa kiyoyozi, maikrowevu na hita kwa pamoja, umeme unajikata. Kuta nyingi hazifiki unene wa inchi 2. Wakati wa baridi, mvuke wa kupika, kuoga na hata kupumua hugeuka matone dirishani na chini ya godoro, kisha kuvu. Kujipasha moto kwa jiko la gesi huzidisha mvuke huo, mbali na sumu isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

Tangi la choo nalo lina siri yake. Ukiacha vali yake ya kutolea uchafu wazi, maji hutoka na kinyesi hubaki, kikauke kama kichuguu. Ifunge hadi tangi lijae theluthi mbili, limwage, halafu fungua tangi la maji ya sinki yasafishe bomba. Paa likaguliwe kwenye maungio angalau mara mbili kwa mwaka; doa likionekana ndani, plaiwudi imeshaanza kuoza.

"Ardhi yangu, naegesha nitakavyo."
Kuegesha, sawa. Kuishi humo mwaka mzima, kaunti nyingi hukataza hata kwa mwenye ardhi. Ukipiga simu ofisi ya mipango, tumia neno "kuishi". Ukiuliza "kuegesha" utajibiwa ndiyo, na notisi ikufuate baadaye.