Yoga baada ya kuumia kichwa: mkeka sawa, kichwa chini bado

Kila Juni, Siku ya Kimataifa ya Yoga inapokaribia, simu hujaa video za watu waliosimama kwa vichwa. Hapo ndipo swali hili huja tena katika idara yetu ya tiba ya viungo hapa Kisumu: "Nilianguka na boda pale Kondele, daktari akasema ubongo umetikisika. Nifanye yoga nyumbani?" Fanya. Lakini si ile ya kwenye video.

Maagizo ya saa 24 hadi 48 za kwanza ulipewa: pumzika, punguza simu, usiendeshe chochote, usiguse pombe. Baada ya hapo watu hukosea njia mbili. Kuna wanaojifungia gizani wiki tatu, pazia chini, mama akinyata mlangoni. Ushauri huo umepitwa na wakati. Wataalamu wa dunia waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walikubaliana kwamba mwendo mwepesi, kama kutembea, unaweza kuanza ndani ya siku hizo 2 za mwanzo, nao husaidia kupona. Wengine siku ya tatu tayari wamesimama kwa kichwa ukutani, eti damu iliyoganda iteremke. Jamani. Mtikisiko wa ubongo si bonge la damu. Bonge likiwapo, huo ni ugonjwa mwingine, wala hautibiwi kwa kumpindua mtu kama debe. Ndiyo maana picha ya CT inaweza kutoka safi na kichwa bado kinauma: inatafuta damu na mfupa uliovunjika, mtikisiko haiuoni. Hospitali haijakula pesa zako.

Kichwa kikiwa chini kuliko moyo, shinikizo ndani ya fuvu hupanda, na maumivu na kizunguzungu huweza kurudi. Kwa hiyo kuinama hadi mikono iguse sakafu na kusimama kwa kichwa au mabega, acha kwanza. Acha pia kuzungusha shingo, kubana pumzi, kupumua kwa kasi, na yoga ya chumba cha joto. Nyumba ya mabati Nyalenda saa nane mchana ni chumba cha joto, hata kama hukulipia kiingilio. Fanya asubuhi. Keti kitini, vuta pumzi polepole, pandisha na kushusha mabega, kunja na kunyoosha mgongo taratibu huku macho yakitazama mbele. Ukipiga magoti na kuinama, paji la uso lilale juu ya mito, lisifike chini. Ukisimama kwa mguu mmoja, ukuta uwe karibu na mtu awe nyumbani. Dakika 10 zinatosha kuanzia.

Kabla ya kuanza, zipe dalili zako alama kati ya 0 na 10. Zikipanda zaidi ya alama 2, acha, ujaribu kesho kwa upole zaidi. Zikipanda kidogo na kushuka ndani ya saa moja, usiogope. Watu wazima wengi hupata nafuu ndani ya wiki 2, watoto hadi wiki 4, ingawa kila mgonjwa ana yake na makala haya hayachukui nafasi ya daktari wako. Ukianza kutapika mara kwa mara, kichwa kikazidi kuuma, mwili ukalegea upande mmoja, ukapata degedege au ukawa huamshiki, mkeka hauhusiki tena. Upelekwe kitengo cha dharura.

Sasa karatasi. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, kwa cheti kilichotiwa saini na daktari. Mimi si daktari. Barua yangu ya mazoezi si cheti, hata ukinibembeleza. Na kugeuza siku 3 za kwenye cheti kuwa 8 kwa kalamu ni kughushi, kosa linaloweza kukufunga hadi miaka 3. Mwajiri akiuliza, tunafungua faili. Nimewahi kuona 8 yenye wino wa rangi mbili.

Ukija kliniki, beba kitambulisho na karatasi uliyopewa ulipotibiwa, na ikiwezekana uje na mtu aliyeona ulivyoanguka. Mikeka tunayo.