Je, wajua kwa nini mwalimu anayefundisha mtandaoni akiwa nyumbani huweza kuchoka kuliko aliyesimama darasani?

Ukiangalia harakaharaka, kazi yake ni nyepesi: hana safari ya shuleni, hasimami, hapazi sauti imfikie aliyekaa nyuma kabisa. Lakini hesabu hiyo inapima miguu na koo tu. NASA-TLX, kipimo cha mzigo wa kazi kilichotungwa na Sandra Hart na Lowell Staveland mwaka 1988, kina vipengele 6, na nguvu za mwili ni kimoja tu. Vilivyobaki vinauliza kuhusu kufikiri, kubanwa na muda, juhudi, kero, na mtu anavyoona amefaulu. Unaweza kukaa kitini asubuhi nzima na ukalemewa katika vyote vitano.

Wengine hulaumu wingi wa saa. Saa zinachangia, ila hata kipindi kifupi cha mtandaoni huchosha kwa namna yake.

Darasani mwalimu huwasoma wanafunzi bila kukusudia: paji lililokunjamana, kalamu iliyosita, mnong'ono. Mtandaoni kamera zimezimwa, vipaza sauti vimezimwa. Ni kama kupita njia uliyoizoea, ila gizani: hatua ni zilezile, lakini kila moja lazima uipapase kwanza. "Mnanisikia?" Kimya. Wanafikiri? Mtandao umekwama? Wameondoka? Katika mazungumzo ya kawaida, pengo kati ya msemaji mmoja na mwingine ni wastani wa milisekunde 200 hivi. Ucheleweshaji kidogo tu wa mtandao unalivuruga.

Uchovu huo si lazima uwe ule uchovu sugu wa kazi, ambao Shirika la Afya Duniani linautambua kama hali itokanayo na kazi, si ugonjwa. Christina Maslach na Susan Jackson waliupima mwaka 1981 kwa mambo matatu: kuishiwa nguvu za kihisia, kuwaona watu kama vitu, na kujiona hufanikishi lolote. Kwa maoni yangu, kimya cha skrini hulisha hilo la tatu kwanza.

Tahadhari: tafiti nyingi zilifanywa wakati wa UVIKO-19, walimu wakiwa na hofu na watoto wao wenyewe nyumbani. Kutenganisha skrini na janga ni kazi ngumu.

Basi wanafunzi wawashe kamera? Jaribio moja la mwaka 2021 kwa wafanyakazi, si walimu, lilionyesha kwamba kuwasha kamera ndiko kulikochosha zaidi. Nafuu ya mwalimu huenda ikawa mzigo wa mwanafunzi.