Mguu wa mbu na DDT ya zamani Morogoro

Simhitaji mbu mzima. Mguu mmoja unanitosha, nauchomoa kwa koleo ndogo huku feni imezimwa. Siku moja mwenzangu aliiwasha bila kuuliza, kazi ya asubuhi nzima ikapeperuka chini ya meza. Vinasaba vya mguu huo vinanitajia kwanza jina la mbu, kwa sababu Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis, wote mbu wa malaria, hata chini ya hadubini ni kulwa na doto, ilhali mmoja hung'ang'ania damu ya mtu na mwingine akikuta ng'ombe hachagui.

Ndipo tunapima usugu, yaani uwezo wa mbu kustahimili dawa ya kuua wadudu. Mbu jike wanafungiwa saa moja kwenye mirija yenye karatasi iliyopakwa dawa, kisha tunahesabu waliokufa baada ya saa 24. Wakifa chini ya asilimia 90, usugu upo. Kwa nini upo, mirija haisemi. Hapo ndipo tunasoma jenomu, yaani vinasaba vyote vya mbu.

DDT, dawa ya zamani ya kuua wadudu, na pairethroidi, dawa ya kwenye vyandarua, hushambulia mahali pamoja: mlango wa sodiamu kwenye neva. Dawa huubana mlango ukabaki wazi, neva zikapiga mfululizo, mbu akaanguka. Herufi moja ya jeni ikibadilika, dawa inakosa pa kushika. Kwa gambiae tunalijua hilo tangu miaka ya 1990. Kwa Anopheles funestus, msambazaji mkubwa wa malaria vijijini kwetu, tulizoea kulaumu vimeng'enya vinavyoivunjavunja dawa mwilini mwake. Mwaka 2024 watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Afya Ifakara, walitangaza kwamba funestus wa Morogoro naye ana badiliko kwenye jeni ya mlango huo, lililopewa jina L976F.

Kilichonikosesha usingizi ni kwamba badiliko hilo liliambatana na usugu wa DDT, si wa pairethroidi. Sasa DDT imetoka wapi? Mkoani humo kulikuwa na shehena kubwa ya DDT iliyolala miaka mingi kabla ya kuondolewa, na watafiti wanashuku kwamba iliuchafua mazingira. Mimi naafiki, hasa kwa kuwa badiliko lenyewe lilipungua kati ya 2017 na 2023, kama ambavyo ungetarajia dawa ikishaondoka.

Siku hizi nikifika kijijini, kabla sijatega mtego, nawauliza wazee: zamani mlikuwa mnapulizia nini shambani, na ghala la dawa lilikuwa wapi?