Makabila 42 ya Kenya: Yanayosemwa na Yaliyopo

Dhana: Kenya ina makabila 42, tangu jadi.

Hesabu hiyo imebadilika sisi wenyewe tukiona. Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale walishika njia kwa miguu kwenda Nairobi kudai vitambulisho. Babu zao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Wao wamezaliwa Kwale, wamezikana Kwale, lakini bila kitambulisho hata kusajili laini ya simu kwa jina lako ni shida. Serikali ikawatangaza kuwa kabila la 43. Mwaka 2017 wenzetu wenye asili ya Kihindi wakawa la 44, na 2023 ikafika zamu ya Wapemba wa Pwani.

Hata majina tunayoyaona ya kale, mengine umri wake ni mdogo. Wanandi, Wakipsigis, Watugen na jirani zao walianza kujiita Wakalenjin kwa pamoja miaka ya 1940. Wagiriama, Wadigo, Waduruma na wenzao waliungana chini ya jina la Mijikenda miaka hiyohiyo. Undugu wa lugha ulikuwapo. Kabila moja lenye sauti moja mbele ya serikali lilijengwa.

Dhana: Makabila yetu yana chuki ya asili.

Hii ndiyo inayonikera zaidi, maana inawaosha mikono waliopanga mambo. Wamaasai na Wakikuyu waliibiana ng'ombe, kweli, lakini pia walioana na kuuziana vyakula. Mkoloni ndiye aliyechora mipaka ya rizavu, yaani maeneo aliyotengea kila kabila, na kumvisha mwanamume Mwafrika kipande, cheti cha utambulisho, shingoni, ndani ya kikopo cha chuma. Aliporuhusu tena vyama vya siasa vya Waafrika mwaka 1955, aliruhusu vya wilaya tu. Mwanasiasa akajifunza kutafuta kura kwa watu wa kwao, na vyama vya KANU na KADU vya 1960 vikarithi mtindo huo.

Kisha ardhi. Mashamba ya walowezi Bonde la Ufa yaliuzwa baada ya uhuru kwa waliopata mkopo au kampuni ya kununua ardhi, huku waliofukuzwa humo na mkoloni wakitazama. Kidonda hicho wanasiasa wamekitonesha msimu wa uchaguzi: 1992, 1997, na 2007 hadi 2008, walipokufa watu zaidi ya 1,100. Chuki ya damu isingengoja kalenda ya kura.

Dhana: Tukiwa na lugha moja, ukabila utakwisha.

Nakipenda Kiswahili, lakini Wanyarwanda wote walikuwa na Kinyarwanda mwaka 1994, na bado mauaji ya kimbari yakatokea.

Dhana: Kila Mkenya hupata kitambulisho kwa njia moja.

Katiba ya 2010 inasema mwenye baba au mama Mkenya ni raia kwa kuzaliwa. Kwenye dirisha la usajili mambo yalikuwa mengine. Kijana wa Nyeri alipeleka cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi. Mnubi wa Kibera, Msomali wa Garissa au Mwarabu wa Mombasa aliongezewa kikao cha wazee wa kumhoji, na mara nyingi karatasi za babu. Februari 2025, Rais Ruto akiwa Wajir, alitangaza kufutwa kwa uhakiki huo. Wazee wa Wajir walikuwa wamekwisha kupitia msako wa 1989, Wasomali walipolazimishwa kubeba kadi ya waridi kuthibitisha kwamba ni Wakenya.