"Atasahau tu": maswali ya wazazi baada ya maafa

Mwanangu ana miaka sita. Tangu mafuriko anakojoa kitandani, na alishaacha. Anadeka?

Hadeki. Baada ya mafuriko, tetemeko au moto mkubwa, mtoto hurudi utotoni: anakojoa, ananyonya kidole, habanduki kwa mama, anaweweseka usiku. Wengine huumwa tumbo kila asubuhi, na vipimo havionyeshi kitu. Maumivu hayo hajayabuni. Ni hofu iliyokosa maneno.

Nikimchapa kidogo?

Usimchape. Wala usimwite kikojozi mbele ya wenzake. Ruhusa hii naombwa mara nyingi mno, na jibu ni lile lile: fimbo inazidisha hofu, na hofu ndiyo inayomkojoza.

Mdogo wake ana miaka mitatu. Huyo si atasahau tu?

Hapana. Kwa neno hilo "atasahau" tunaletewa kliniki watoto wamechelewa miezi. Kusimulia hawezi, lakini mvua ikinyesha anajificha uvunguni, na mchezo wake kila siku ni nyumba kubomoka. Huyo amesahau nini?

Basi nisubiri hadi lini?

Wengi hutulia ndani ya wiki chache, wakiwa na mtu wao karibu, wakila na kulala kwa saa zilizozoeleka na kurudi shule mapema. Mwezi ukipita na bado hachezi, halali au hasomi, mlete. Usiseme atasahau, mlete. Akitaja kufa au kujiumiza, akikataa kula au akiacha kusema kabisa, usingoje mwezi: mlete leo. Na kijana aliyeanza pombe au kujifungia chumbani, msimsingizie ujana.

Nimpe dawa ya usingizi?

Usimpe. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2013 kwamba dawa za jamii ya diazepamu zisitumike kumtibu mtoto aliyekosa usingizi katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha. Zima televisheni inayorudia picha za maafa, kisha lala karibu naye.

Nimlazimishe asimulie yaliyotokea?

Usimhoji kama polisi. Akianza mwenyewe, acha kazi umsikilize.

Bibi yake alikufa. Tumemwambia amelala.

Mwambieni amekufa, na kwamba hatarudi. Mtoto aliyeambiwa bibi amelala, na bibi hakuamka tena, akigoma kupanda kitandani usiku mnamgombeza kwa lipi?