Gego la mwisho lililokwama: litolewe au liachwe?

Wagonjwa wangu wengi huniletea swali hili kwa njia mbili. Mmoja husema, "Daktari, mbona haliniumi, nilitoe la nini?" Mwingine husema, "Lilinitesa wiki nzima, ling'oe tu tumalizane." Wote wawili wanapima kwa maumivu, na maumivu ni kipimo kibaya. Gego linaweza kuuma siku chache kisha likatulia kwa miaka. Jingine linaweza kukaa kimya kabisa huku jino lililo mbele yake likioza mpaka lisizibike tena. Ndiyo maana mimi huanza kwa kukagua gego la pili, lile lililo mbele ya la mwisho. Hilo ndilo unalotafunia kila siku, na ndilo ninalotaka ubaki nalo.

Magego ya mwisho huota kwa kawaida kati ya umri wa miaka 17 na 25. Nafasi ikikosekana, hukwama. Kuna linalosimama wima lakini fizi ikabaki imelifunika nusu, kuna linaloinama mbele na kuegemea gego la pili, na kuna linalolala kabisa. Linaloinamia nyuma huonekana jepesi kwenye picha ya eksirei, kumbe mara nyingi ndilo gumu kulitoa.

Lililozikwa lote ndani ya mfupa, kwa mtu mzima asiye na tatizo lolote, mimi huliacha. Bakteria wa mdomoni hawalifikii. Kinachobaki ni kulipiga picha mara moja moja, kwa sababu wakati mwingine, si mara nyingi, mfuko wa majimaji hutunga kuzunguka kichwa cha jino na kula mfupa taratibu.

Linalonitia wasiwasi ni lililochungulia nusu. Juu yake hubaki kipande cha fizi, na chini ya kipande hicho chakula huingia mahali ambapo mswaki haufiki. Fizi huvimba, usaha hutoka, mdomo hunuka, na mtu hushindwa kufungua kinywa vizuri. Kusafisha chini ya fizi na kusukutua kwa maji ya chumvi hutuliza hali hiyo, na antibayotiki huhitajika tu pale maambukizi yanapoanza kusambaa au mgonjwa anapopata homa. Tatizo hili likitokea mara moja na likaisha, huwa nangoja na kuangalia. Likirudi, naona ni wakati wa kuzungumza juu ya kulitoa gego, kwa kuwa sababu iliyolileta bado ipo palepale.

Na kama limechungulia huku limeinama mbele, pale linapogusana na gego la pili hujengeka uchochoro wa kukusanya uchafu. Gego la pili huoza kwa nyuma, chini karibu na fizi, mahali usipopaona kwenye kioo. Uingereza inatoa funzo hapa. Mwaka 2000 NICE, taasisi ya huko inayotoa miongozo ya matibabu, ilielekeza kwamba magego ya mwisho yasiyo na ugonjwa yasitolewe kama tahadhari tu. Uamuzi huo uliwaepusha watu wengi na upasuaji wasiouhitaji. Lakini miaka iliyofuata madaktari wa huko walianza kuona wagonjwa wakija wakiwa na umri mkubwa zaidi, gego la pili likiwa limeshaoza. Mimi sisemi tung'oe kila gego. Ninachosema ni kwamba ukiliacha la namna hii, ulifuatilie kwa dhati: lichunguzwe na lipigwe picha, usingoje likuume.

Sababu moja naikataa waziwazi: kutoa magego haya ili meno ya mbele yasisongamane. Meno ya mbele ya chini husogeleana umri unavyoenda hata kwa watu wasio na magego ya mwisho. Kama hiyo ndiyo sababu pekee uliyopewa, usikubali kupasuliwa.

Kwa magego ya chini, mjadala hauishi bila kutaja neva. Ndani ya taya la chini hupita neva inayoupa mdomo wa chini na kidevu hisia, na nyingine ya ulimi hupita karibu, upande wa ndani. Zikiguswa, sehemu hizo hufa ganzi. Kwa wengi hisia hurudi baada ya wiki au miezi. Ganzi ya kudumu huwapata wachache, kwa ujumla chini ya mtu mmoja katika mia, ila hatari hupanda mizizi inapoigusa njia ya neva. Kwenye picha tunatafuta dalili zake: mzizi uliotiwa weusi pale unapokatiza njia hiyo, mstari mweupe wa ukingo wake uliokatika, au njia yenyewe iliyopinda ghafla. Nikiziona, naomba picha ya pande tatu. Wakati mwingine tunakata kichwa cha jino tu na kuiacha mizizi, mradi haina ugonjwa.

Umri nao una uzito. Kijana mfupa wake ni laini zaidi, mizizi mara nyingi haijakamilika, na kidonda hupona upesi. Kwa hiyo gego lile lile lililoinama naweza kupendekeza litolewe kwa mtu wa miaka 22, halafu kwa mwenye miaka 60 ambaye fizi yake ni safi nikaliacha.

Ukishaamua litolewe, tarajia uvimbe unaofikia kilele siku ya pili au ya tatu. Usivute sigara: donge la damu linaloziba tundu likitoka, mfupa hubaki wazi na maumivu makali huanza siku chache baadaye.

Kuna hali isiyongoja uamuzi wowote. Uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, ukashindwa kumeza mate, au pumzi ikawa nzito, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.