Je, wajua kwa nini akiba ya chakula usichokila inaweza kukuacha na njaa?

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa fedha sina ubishi. Kwa chakula nimeshaona kwa macho yangu kwamba inaweza isioze na bado isilike.

Mwaka 2020, watu walipokuwa wakizoa kila kilichopo kwenye rafu kwa hofu, nami nilizoa. Nilinunua maharagwe ya aina ambayo nyumbani hatujawahi kuyapika, ngano isiyokobolewa, na makopo ya samaki ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwaonja. Nikavipanga juu ya kabati, moyo ukatulia. Miaka mitatu baadaye niliyashusha yale maharagwe. Nikayaloweka usiku kucha; asubuhi punje nyingi zilikuwa bado zimesinyaa kama nilivyoziacha. Nikayachemsha kwa saa tatu na ushei. Ukibonyeza punje kati ya vidole, ganda lilichanika, lakini ndani palikuwa kama chaki, panamegeka vipande bila kupondeka. Siku hiyo nilikuwa na maji ya kutosha na moto wa kutosha. Nilibaki nimeshika mwiko nikiwaza ingekuwaje kama vyote viwili vingekuwa vya kubahatisha.

Kilichotokea kinaeleweka. Maharagwe yaliyokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu hubadilika ndani kwa ndani: gundi asilia inayoshikilia chembe za punje hujifunga na madini kama kalsiamu na magnesiamu, na ikishajifunga hivyo maji ya moto huishindwa. Hayajaharibika, na lishe yake kwa sehemu kubwa bado imo. Ila yanadai moto na maji, na hivyo ndivyo vitu vya kwanza kukatika siku ya dharura. Mtu anayepika maharagwe kila wiki hawezi kukutwa na hali hiyo, kwa sababu kwake hayakai miaka mitatu.

Basi kwa nini watu wengi, wakiwaza dharura, hununua wasichokila? Nadhani ni kwa sababu hofu huchagua kwa kusoma maandishi ya pakiti. Inatafuta tarehe ya mbali na kalori nyingi. Wapo pia wanaokusudia kabisa kuweka wasichokipenda, wakisema wakiweka kitamu kitaliwa kabla ya shida kufika. Hoja hiyo ina mantiki, na niliwahi kuiamini. Tatizo lake ni kwamba inamfikiria mlaji wa siku ya shida kama mtu mwingine kabisa, asiye na ulimi wala tumbo.

Historia ina mfano wa taifa zima. Mwaka 1845 ugonjwa uliangamiza viazi nchini Ireland, na Waziri Mkuu wa Uingereza, Robert Peel, akaagiza kwa siri mahindi ya paundi 100,000 kutoka Marekani. Yalipofika mwanzoni mwa 1846 yalikutana na watu ambao maisha yao yote walikuwa wakila viazi. Kiazi hakihitaji kinu; unakitosa chunguni, basi. Mahindi yale yalikuwa magumu mno, yalitaka kusagwa mara mbili na kupikwa kwa muda mrefu, na vinu vya kuyasaga havikutosha. Wengi waliyala yakiwa hayajasagika wala kuiva sawasawa, matumbo yakawasokota. Wakayapa jina kwa rangi yake ya manjano: kibiriti cha Peel, yaani ile salfa ya moto wa jehanamu. Mahindi yenyewe hayakuwa na kosa. Yaliletwa bila kinu na bila mazoea ya kuyapika. Isitoshe, viazi vilikuwa vikiwapa watu vitamini C, na mahindi makavu hayana. Ukosefu wa vitamini hiyo nao ukaanza kuonekana.

Hata pale chakula kinapopikika, kuna jambo la pili, na Kiswahili kina neno lake tayari: kukinai. Si kushiba. Unaweza kukikinai chakula ukiwa bado una njaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1985 na Edmund Rolls na Alex de Waal ulifanyika katika kambi ya wakimbizi Ethiopia, mahali ambapo huwezi kumshuku mtu kwamba anadeka. Waliokuwa wamekula vyakula vilevile vitatu kwa takriban miezi sita walivikuta na ladha duni kuliko vyakula vingine walivyoonjeshwa. Waliokuwa wamefika siku mbili tu hawakuona tofauti ya namna hiyo. Ulimi huchoka na kitu kimoja, uwe na njaa au usiwe nayo.

Majeshi yamelijua hili kwa gharama kubwa. Katika Vita Kuu ya Pili, Marekani ilikuwa na mgao wa pakiti ulioitwa K, uliobuniwa kwa ushauri wa mwanafiziolojia Ancel Keys, ukiwa mwepesi kiasi cha askari wa miamvuli kutembea nao. Ulikusudiwa kwa siku chache. Lakini mwaka 1944, huko Burma, kikosi cha wanaume wapatao 3,000 kilichojulikana kama Merrill's Marauders kiliishi kwa mgao huo kwa miezi. Wakakonda, wakaugua. Ndani ya pakiti mlikuwa na unga wa limau wa kuchanganya na maji, na ndiyo uliobeba vitamini C. Askari wengi wa vita ile waliuchukia kwa ukali wake, wakautupa. Ninapenda kuutaja unga huo kwa sababu unafundisha hesabu ambayo karatasi haina: vitamini iliyotupwa kando ya njia haikuingia mwilini mwa mtu, hata kama kwenye orodha ya mgao ilihesabiwa. Hadi leo jeshi la Marekani huweka kikomo cha siku 21 kwa askari kuishi kwa milo ya pakiti peke yake.

Jambo la tatu ndilo lililonishangaza zaidi nilipolisoma. Mwili hujifunza kukataa chakula kwa tukio moja tu. Mwaka 1955 John Garcia na wenzake walionyesha kwamba panya waliokunywa maji matamu kisha wakaugua kutokana na mionzi waliyakataa maji hayo baadaye, ingawa hayakuwa na kosa lolote. Mwaka 1978 Ilene Bernstein akaonyesha jambo hilohilo kwa watoto wenye saratani: waliopewa aiskrimu ya ladha wasiyoizoea kabla ya dawa zinazoleta kichefuchefu waliikwepa aiskrimu hiyo walipoletewa tena. Tena ubongo hauwatendei washukiwa wote haki sawa. Chakula ulichokila mara mia bila madhara husamehewa upesi. Kigeni ndicho kinachobeba lawama.

Sasa hamishia hayo kwenye nyumba iliyo gizani, barabara zimefungwa na maji, mtoto ana homa, na kila mtu tumbo limembana kwa wasiwasi. Wasiwasi wenyewe hupunguza hamu ya kula, kwa kuwa mwili ulio katika tahadhari huweka kazi ya kumeng'enya pembeni. Halafu unafungua kopo lenye harufu ambayo mtoto hajawahi kuinusa. Akitapika kwa homa yake, kopo ndilo litakalolaumiwa, na yale kumi yaliyobaki hayatapita kinywani mwake. Mtu mzima utamshauri. Mtoto wa miaka mitatu huna la kumwambia. Wazee nao, hasa wenye meno machache au hamu ndogo, huacha kula kimyakimya, na unaweza usigundue hadi siku ya tatu.

Na tumbo lina mazoea yake pia. Mtu asiyekula kunde wala nafaka zisizokobolewa, akianza kuzila ghafla asubuhi na jioni, atajaa gesi na huenda akaharisha kwa zile nyuzinyuzi ambazo utumbo wake haujazizoea. Siku ya kawaida hilo ni usumbufu. Siku isiyo na maji, kuharisha ni hatari.

Utaniambia mwenye njaa hachagui. Ni kweli, hatimaye hachagui. Katika baridi kali ya 1944 hadi 1945, Waholanzi waliokatiwa chakula walikula vitunguu vya maua ya tulipu. Lakini dharura nyingi hazifiki huko. Ni siku tatu, ni wiki, ni wiki mbili: mafuriko, umeme kukatika, ugonjwa, kazi kusimama. Katika muda huo njaa haijawa kali kiasi cha kufuta kinyaa, ila nguvu zinahitajika sana, kwa maana kuna vitu vya kubeba, wagonjwa wa kuangalia na maamuzi ya kufanya.

Vipo vyakula vya pekee ambavyo nisingevipuuza. Biskuti za mashua za uokoaji, kwa mfano, hutengenezwa makusudi zisilete kiu, na kwa siku mbili tatu zinafanya kazi yake. Pakiti chache za namna hiyo hazina ubaya. Ubaya ni kuzifanya ndiyo akiba yenyewe.

Akiba inayofaa huanzia kwenye sufuria yako. Kwa wiki mbili andika mnachokila kweli, siyo mnachotamani kuwa mnakila. Halafu pitia orodha ukitazama vitu vinavyokaa bila friji, na kila unapokwenda kununua, ongeza kimoja juu ya kile unachohitaji. Kipya kiende nyuma, cha zamani kije mbele, na kila kinachotoka kirudishwe. Nchini Japani, ambako matetemeko ya ardhi ni jambo la kuzoeleka, serikali huwahimiza watu wawe na chakula cha siku tatu angalau, ikiwezekana wiki nzima, na mtindo huu wa akiba inayozunguka ndio unaopendekezwa. Mafuta na vyakula vyenye mafuta uvizungushe haraka zaidi, maana hewa, mwanga na joto huvipa harufu kali na ladha mbaya. Mchele uliokobolewa hukaa muda mrefu kuliko usiokobolewa kwa sababu hiyohiyo: ule wa pili bado una tabaka lenye mafuta. Na kila kitu kikavu kihesabiwe pamoja na maji yake ya kupikia, vinginevyo umehesabu nusu.

Ukitaka kuweka kitu kigeni kwa kuwa kinadumu, kiingize mezani leo, wakati hakuna anayeumwa na hakuna anayeogopa. Kipike mara tatu nne. Wakikizoea, kinapata nafasi yake. Wakikikataa, umejua mapema. Hivyo ndivyo nilivyofanya na yale makopo ya samaki. Moja tulilifungua, mmoja wetu akapenda, waliobaki wakasukuma sahani. Nikabakiza mawili ya huyo mmoja, mengine nikawapa watu wanaowala samaki hao, tarehe ikiwa bado haijafika.

Mwezi uliopita tulijaribu siku moja nzima bila umeme, bila bomba na bila kutoka kwenda kununua chochote. Mchana tulikula vizuri, watoto hawakuuliza kitu. Jioni, nikipika dengu, niligundua kwamba kati ya vyote nilivyokuwa nimevipanga na kuvihesabu, sikuwa nimeweka chumvi ya ziada, na iliyokuwamo kwenye kopo la jikoni ilikuwa kijiko kimoja. Nimeiandika kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati, chini ya kiberiti na kifungua kopo.